Ukuta Nilioupaka Rangi Pugu

Mwanangu Sekela,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kununua begi, na najua mtachelewa, maana mama yako hanunui begi kabla ya kufungua na kufunga zipu za mabegi yote dukani. Nimekaa mezani na daftari. Kesho unaondoka kwenda Tabora kuanza kazi. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kupiga simu kila Jumapili ameshakuambia yeye, mimi sina la kuongeza. Nina jambo jingine. Nimejaribu kulisema tangu jana na mdomo umekataa, ndiyo maana naandika.

Jana tulipokuwa tunakula ulikuwa na furaha sana. Ulitueleza kwamba timu yenu ya upimaji itatangulia mbele ya wajenzi wa barabara, mtapima, na mtaweka alama kwenye nyumba zilizoingia ndani ya eneo la barabara. Halafu ukaweka kijiko chini ukasema, "Lakini baba, mie sitawafanyia watu walichotufanyia sisi kule Pugu. Walikuja kubomoa bila hata kupiga hodi. Mie nitagonga kila mlango."

Nilimtazama mama yako. Alikuwa anauchambua mchicha kwenye sahani kana kwamba una mawe ndani, hakuinua uso. Nilishtuka, Sekela, na mpaka sasa bado moyo haujatulia. Miaka saba binti yangu amewachukia watu kwa kosa ambalo hawakulifanya, na sasa anakwenda kuwa mmoja wao.

Walipiga hodi. Mimi nilikuwa ndani.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Wewe ulikuwa bweni Morogoro, kidato cha pili. Mama yako alikuwa Tukuyu anamuuguza bibi yako, ana wiki ya kwanza huko. Mimi sikwenda kazini kwa sababu ya homa, nikawa nimejilaza kwenye kochi sebuleni. Niliposikia hodi nikasogeza pazia kidogo. Nje alisimama kijana amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, ana karatasi mkononi. Nyuma yake mwenzake ameshika kopo na brashi. Nikatazama upande wa barabara, nikaona ukuta wa Mzee Kondo, jirani yetu yule, umeshachorwa alama ya X nyekundu, bado mbichi, inachuruzika.

Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, unajua nilifanya nini? Nilishuka kwenye kochi nikalala chali sakafuni, nikajiziba mdomo kwa mkono nisikohoe.

"Hodi! Wenyewe mpo?" Akapiga tena. Akazunguka hadi dirisha la jikoni, akapiga na huko. Akarudi. "Mzee! Mama! Tunaomba kuonana na mwenye nyumba!"

Mwenzake akasema, "Watakuwa kazini hawa."

Karatasi ikapita chini ya mlango. Halafu nikasikia brashi ikitembea kwenye matofali, sauti kavu, mara mbili. Mkono mmoja wa X, kisha wa pili. Wakaondoka.

Nilitoka kutazama. Ile alama ilikuwa kubwa kuliko mimi, imeanzia juu ya dirisha imeshuka mpaka karibu na kizingiti cha mlango. Na ilikuwa juu ya matofali ya mama yako. Wewe ulikuwa mdogo tulipojenga, huenda hukumbuki. Watu wote pale walijenga kwa tofali za saruji na kupiga plasta. Mama yako alisema yeye ametoka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na atakufa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Alikwenda mwenyewe kwenye tanuru kule Kisarawe, akawa anayagonganisha mawili mawili. Linalolia kama kikombe anaweka pembeni, linalotoa sauti nzito anarudisha. Wachomaji walimchukia siku ile. Na nyumba ilipokwisha alikataa plasta, alikataa rangi. "Tofali zuri halipakwi poda," alisema.

Ile karatasi niliisoma mistari ya juu tu. Nyumba iko ndani ya eneo la barabara, mwenye nyumba aiondoe ndani ya siku thelathini. Nikaikunja nikaitia mfuko wa suruali ya kazi. Chini yake kulikuwa na maneno mengine mengi. Sikuyasoma.

Utashangaa nikikuambia kwamba siku zile sikuiwaza barabara hata kidogo. Akili ilikataa kwenda huko. Nilichokiwaza, asubuhi, mchana, nikiwa kazini Chang'ombe nahesabu boliti na mikanda ya mashine pale stoo, ni ule ukuta: niusafishe au niupake rangi? Kana kwamba hilo ndilo swali. Kana kwamba nikilijibu sawasawa nyumba itabaki.

Nilianza kwa kusafisha, maana nilitaka mama yako akirudi akute ukuta wake vilevile. Nikachukua sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Rangi ile haikutikisika. Siku iliyofuata nikaja na thina kutoka kazini na brashi ya waya. Nikasugua mpaka viganja vikatoka malengelenge. Niliporudi nyuma kutazama, nilipigwa na butwaa: alama imepanuka. Ilikuwa mistari miwili, sasa imekuwa doa kubwa la waridi lenye X katikati, na yale matofali niliyoyasugua kwa waya yamechubuka uso, yanamwaga unga mwekundu. Ilionekana kama kidonda kilichokwanguliwa.

Jumamosi nikamwita fundi Selemani, yule aliyekuwa anapaka rangi pale karakana yetu. Alifika, akasimama mbele ya ukuta, akapitisha kiganja.

"Mzee, tofali la kuchoma linakunywa," aliniambia. "Rangi ikishaingia ndani huitoi. Ukisugua unaisambaza, ukizidisha unakula tofali lenyewe. Ungeacha lilivyokuwa."

"Basi tupake nyumba nzima," nikasema.

"Kupaka inapakika. Ila ujue ukishalipaka tofali hili hurudi nyuma tena. Na litashindwa kupumua, maji ya mvua yatakaa humo ndani." Kisha akanitazama. "Lakini hii siyo ishu ya rangi, mzee. Hii ni X. Mama anajua?"

"Ni wahuni tu wamechora."

Selemani alizungusha macho akaziona nyumba nyingine zenye alama, moja baada ya moja, mpaka kwenye kona. Hakubisha. Alipanga vifaa vyake kwenye mfuko taratibu. "Mie siipaki hii, mzee wangu, nisamehe. Nenda kule ofisini kwa watu wa barabara kaulize." Akaniaga, akaondoka.

Alinipa jibu mkononi, bure, na mimi nikalikasirikia. Nikasema moyoni, fundi gani huyu anayekimbia kazi.

Nilipaka mwenyewe. Rangi ya maziwa. Mkono wa kwanza ulipokauka, X ilikuwa palepale, imekuwa ya waridi chini ya maziwa. Nikapiga wa pili. Asubuhi nikatoka mbio kutazama kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa, nikaikuta bado inaonekana ukisimama pembeni. Wa tatu ndio ulioifunika. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikacheka peke yangu kwa furaha. Kwa furaha, Sekela! Nilijihisi nimeshinda kesi.

Mama yako alirudi Alhamisi. Bibi alikuwa amepata nafuu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekonda kwa kukesha. Alifika na kikapu cha ndizi, akasimama getini, kikapu kikamshuka mkononi.

"Nani kazipaka tofali zangu?"

"Mimi. Nilitaka nikufurahishe."

Alikwenda akaweka kiganja ukutani, akakitoa akakitazama, akaweka tena. Macho yalimjaa machozi. Halafu akageuka, akaniona nilivyosimama, nadhani aliona mtu aliyejitahidi peke yake siku nyingi, akanihurumia. "Haya," akasema. "Imependeza. Nitaizoea." Na Jumapili nilimsikia kwenye jumuiya ya kanisani akiwaambia wenzake, "Mume wangu kanipakia nyumba nzima kwa mikono yake, mie nikiwa safarini." Wanawake wakanipigia vigelegele. Nilivipokea.

Bila shaka aliziona X za majirani. Aliniuliza siku ileile aliyorudi, "Mbona kwa Mzee Kondo wamechora na kwetu hapana?"

"Barabara inapinda pale," nikamjibu. "Sisi mstari umetukwepa."

Alipiga magoti palepale sebuleni akamshukuru Mungu. Kisha akapika wali, akaufunika, akampelekea mke wa Mzee Kondo kumpa pole. Nilimtazama kutoka dirishani akivuka na sahani ile, nikasema leo akirudi namwambia. Hakuna siku katika mwezi ule ambayo sikusema hivyo.

Mzee Kondo alijua. Aliiona alama yetu kabla sijaipaka, tumetenganishwa na uzio wa michongoma tu. Jioni moja aliniita kwenye uzio. Unaikumbuka sauti yake, haipandi.

"Jirani, rangi yako nzuri."

"Ahsante, mzee."

"Lakini mashine haisomi rangi. Inasoma karatasi." Akasubiri. "Mimi nimekwenda kule ofisini kwao, nimewaleta wakapima upya. Twende kesho, nikusindikize."

Nikamwambia nina udhuru kazini. Akaniangalia kwa masikitiko. "Mwambie mwenzio, basi. Nyumba ni ya wawili hiyo." Na hakuvuka kuja kumwambia yeye mwenyewe. Alinistahi. Nimewaza mara nyingi kwamba angenivunjia heshima siku ile angetuokoa, lakini huo si mzigo wa kumtwika yeye.

Wiki zilizofuata Mzee Kondo aliwaleta mafundi wenye nyundo na misumeno, wakawa wanaikata baraza yake na chumba cha mbele, tofali kwa tofali. Mama yako alisikitika sana. Kila asubuhi alipiga deki kwenye baraza yetu huku akiwatazama.

Siku walipokuja nilikuwa kazini. Mama yako alinipigia simu, sauti yake haikuwa ya hofu, ilikuwa ya mtu anayesahihisha kosa dogo. "Baba Sekela, kuna tingatinga hapa, wamekosea nyumba. Njoo uwaambie." Nilitoka Chang'ombe nikiwa sina hata koti. Nilipofika walikuwa wamesimama, mashine inanguruma, mama yako yuko mbele yake amefunga kanga kiunoni, anaongea na msimamizi kwa adabu.

"Nyumba yangu haina alama, mwanangu. Tazama mwenyewe. Zile zenye X ndizo zenu."

"Mama, ipo kwenye orodha," alisema yule msimamizi. Alikuwa mpole, nikuambie ukweli, alionekana amechoka. "Tuliacha na notisi hapa."

"Haijaletwa notisi. Muulize mume wangu, huyu hapa amefika."

Wote wakageuka kunitazama. Macho yangu yalikimbilia ukutani, karibu na dirisha.

Msimamizi akanitazama, akautazama ukuta, akaelewa. Alisogea akatoa funguo mfukoni, akakwangua karibu na dirisha. Maganda ya maziwa yakadondoka, matatu, kama ganda la yai. Chini yake, nyekundu.

Sijawahi kuona uso wa mama yako vile, wala sitaki kuuona tena. Hakupiga kelele. Alikuwa ameacha mdomo wazi kidogo, anatazama ile nyekundu, halafu mimi, halafu ile nyekundu. Akasogea akakwangua mwenyewe kwa kucha, kama mtu asiyeamini funguo za watu. Akakwangua mpaka mkono wa X ukaanza kuonekana. Kisha akasema polepole sana, "Mwezi mzima nimeipigia deki."

Yule msimamizi alitupa saa mbili kutoa vitu. Na akasema neno ambalo hakulikusudia kuwa kisu. "Ni sebule tu ndiyo ilikuwa ndani, mama. Mngekata wenyewe kama jirani yenu, huku nyuma kungebaki. Notisi ilieleza yote, chini pale. Sasa mashine ikisukuma mbele, nyuma hakusimami."

Sebule tu, Sekela. Chumba chako kilikuwa nje ya mstari. Jiko lilikuwa nje ya mstari. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyokaa mfukoni mwangu mwezi mzima.

Majirani walikuja kusaidia kubeba. Mzee Kondo alibeba kabati la vyombo mgongoni, na umri ule. Mke wake akauliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Jamani, kwani nyie hamkuambiwa?" Nilisimama na godoro lako kichwani, nikasubiri mama yako aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Akasema, "Hatukuambiwa, dada. Wamekuja ghafla."

Mzee Kondo alitazama chini. Hakumrekebisha.

Hivyo ndivyo uongo ule ulivyozaliwa, na sikuuzaa mimi, ila nilimwachia mwenzangu aulee. Ulipokuja likizo alikupokea stendi akakuambia hivyohivyo, ukalia, nikakushika bega, nikanyamaza. Aliwaambia ndugu zake, aliwaambia jumuiya, aliwaambia wapangaji wenzetu tulipohamia hapa Chang'ombe. Mama yako ambaye hajui kudanganya hata bei ya nyanya. Nyumba ya Mzee Kondo ipo mpaka leo, imekatwa mbele, amefungua dirisha la kuuza vocha na maji. Nimeshapita pale mara mbili tu kwa miaka saba. Nikipita naangalia upande wa pili.

Nilidhani mtu huangamia kwa kutenda jambo baya kubwa. Mimi nilitenda mambo madogo sana. Kulala sakafuni. Kukunja karatasi. Kupiga mkono mmoja zaidi wa rangi. Kila kimoja kilinipa nafuu ya siku moja, na ile nafuu ndiyo ilinidanganya kuliko kitu kingine. Ningejua kwamba nafuu inaweza kuwa ya uongo, labda ningeiogopa ilipokuja.

Huko uendako utakutana na watu kama mimi. Utagonga na ndani patakuwa kimya, lakini utaona pazia limetikisika. Usimdhanie ni mkaidi. Yule anaogopa, na mwenye hofu haulizi wala hasomi mpaka mwisho. Ukiweza, rudi siku ya pili bila kopo la rangi. Mwite kwa jina lake, mweleze kwa mdomo kile kilichoandikwa chini. Sijui kama kazi yako itakupa nafasi hiyo. Najua tu kwamba mimi ningefungua, siku ya pili. Au labda najipendelea. Huenda ningelala tena sakafuni. Sina hakika, na sitaki kukudanganya tena hata kwa kujisifu kidogo.

Na wale vijana wawili usiwachukie tena. Walifanya kazi yao vizuri kuliko nilivyofanya yangu.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimfuata mama yako jikoni, nikamwambia nataka kukueleza. Alizima jiko. Alikaa kwenye kigoda, nikadhani atakataa.

"Nilisema vile siku ile ili wasikucheke," aliniambia. "Halafu nikasubiri wewe mwenyewe umwambie mtoto. Nikasubiri likizo ya kwanza, ya pili. Nikachoka kusubiri. Ikawa nasema tu, kama mtu anayesema jina lake." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishtua zaidi. Hasira ningejua pa kuiweka.

Nikamwambia nitaandika barua niiweke katikati ya nguo zako, uikute ukifika.

"Hapana," akasema. "Usimfanyie hivyo. Asije akaisoma peke yake, mji asioujua, hana wa kumuuliza. Mpe mkononi, hapahapa, sie wote wawili tukiwepo."

Basi ndivyo nitakavyofanya. Mkirudi na begi, kabla hatujala, nitakupa daftari hili. Mama yako atakaa pale karibu na wewe, mimi nitakaa hapa mbele yako. Sitatoka nje, sitajifanya nina simu ya kupokea. Soma polepole mpaka mstari wa mwisho. Ukimaliza uinue uso unitazame, kisha niulize lolote unalotaka, hata kama itatuchukua mpaka kesho.

Baba yako.